Mume Wangu Alinitambulisha Kama Dada Yake, Nikiwa na Mirija Mwilini

"Huyu dada yangu hamalizi mwezi. Akienda tu, cherehani zake zote ni zako, mpenzi."

Jamani! Dada yake?! Mimi, mke wake wa ndoa, miaka kumi na moja!

Ilikuwa siku yangu ya tisa wodini tangu nikatwe kipande cha umio, ile njia ya chakula, chenye saratani. Mirija ubavuni, macho nimefumba. Jitu lile likadhani nimelala...

Pembeni yake kasimama binti, marashi yananukia kuliko dawa za wodi nzima.

Ndugu zangu, huyu ndiye mwanaume aliyeniambia, wali ulipoanza kunikwama, "Ni gesi hiyo. Acha kudeka." Hospitali nilikwenda kwa kujiiba, kama naenda kuzini!

Mara daktari aliyenipasua akaingia na majibu. Mume wangu akavaa sura ya msiba.

"Daktari, usinifiche... ana muda gani?"

"Siku za mtu sizijui. Nazijua dalili. Uvimbe haukuvuka ukuta wa umio. Matezi ishirini na mawili tuliyotoa, hata moja halina saratani. Kingo tulipokata ni safi. Mshono hauvuji. Na aliwahi, kabla hajakonda."

"Kwa hiyo...?"

"Kwa hiyo nafasi yake ya kuishi ni nzuri. Hongera, mkeo ni jasiri."

"Mkeo?!" Binti akaruka. "Si ulisema dada yako?"

Nikafumbua macho. Sauti ilitoka kama ya jogoo mwenye mafua.

"Karibu, mdogo wangu. Mimi ndiye marehemu."

Mume akaanza kutoka jasho. "Mke wangu... ulikuwa utani tu..."

Binti akavua pete aliyovishwa na mume wangu, akaitupa kwenye beseni la matapishi.

"Dada, nisamehe. Sikujua."

Akaondoka bila kugeuka. Na yule bwana je? Akainama kuitafuta pete!

Nikamwita nesi. "Mtoe huyu, ananichafulia hewa."

Huu mwaka wa nne. Nakula kidogo kidogo, mara sita kwa siku, na nashona. Yeye karudi kwa mama yake, nasikia anasema nilimharibia maisha. Maskini!

Wasomaji wangu, chakula kikianza kukukwama usingoje ruhusa ya mtu. Nenda upimwe. Ningemsikiliza yule, leo mngekuwa mnasimuliwa na yeye... tena kwa uongo!