Kifuniko Chekundu

"Nataka chupa ndogo, lakini ndogo kweli," fundi simu alisema, wateja wakimsukuma mpaka kifua kikagota meza. "Za kujaribia tu. Zile za kioo bei yake inaniumiza roho."

Muuza chupa alimkagua: shati la bluu limepigwa pasi, vidole vimekuwa njano kwa moshi. "Unajaribia nini, manukato?"

"Maji ya sigara ya umeme. Nachanganya mwenyewe nyumbani, kidogo kidogo, huku napunguza nikotini. Nikikosea namwaga kijiko, simwagi lita."

"Kumbe mganga!"

"Mganga wa nafsi yangu, mrembo."

Akampa za plastiki, mililita kumi, zenye mdomo wa kudondoshea. Akampangia na vifuniko: vyekundu kwa kali, vya njano kwa wastani, vyeupe kwa isiyo na nikotini hata tone. Wiki iliyofuata fundi akarudi kufuata chupa. Iliyofuata tena, chupa zilikuwa kisingizio tu, na soko zima lilijua.

Baba wa binti huyu aliuawa na ugonjwa wa mapafu, kila siku akiapa kwamba hii ndiyo sigara ya mwisho. Kwa hiyo fundi alipotaja ndoa, alijibiwa bila kupepesa macho.

"Sitauguza mapafu ya mtu mwingine. Maliza mwezi mzima wa kifuniko cheupe, halafu lete wazee wako."

"Hata miwili, kipenzi."

Na alijitahidi, masikini. Siku ya ishirini na sita muuza chupa akaingia kwenye kibanda cha fundi bila hodi, ndani ya gauni jipya la zambarau, akamkuta anajaza kifaa chake kutoka chupa yenye kifuniko chekundu.

"Hii haina kitu, mpenzi, ni kifuniko tu..."

"Baba naye hakukosa maneno!"

Akaondoka. Simu ziliita hadi akamfungia namba. Shangazi yake, waliyeuza naye meza moja, aliambiwa tu kwamba mambo yameisha. Hasira hasara, lakini nani huikumbuka methali hiyo damu ikichemka?

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja shangazi alikuwa anapanga mzigo.

"Mwanangu, agiza vyeupe vya kutosha. Visije vikatuishia kama siku ile, nikampa mchumba wako vyekundu."

Jamani! Binti alikaa chini palepale, juu ya maboksi, kisha akapiga simu.

"Nisamehe, mpenzi wangu. Shangazi kaniambia. Nakuja sasa hivi."

"Njoo," fundi alisema, akakohoa kwa muda mrefu.

Alimkuta amekonda, shati halijapigwa pasi, kisahani cha majivu kimefurika.

"Ulirudia lini?"

"Jioni ileile."

"Basi tuanze upya. Nitakusaidia."

"Nimejaribu peke yangu mara tatu, nimeshindwa. Nilikusamehe zamani, kipenzi. Ila nikikuambia sijui kama nitaweza, utanisubiri?"

Muuza chupa alitaka kusema ndiyo. Alimpenda kuliko siku ya kwanza, na aliogopa kuliko siku zote. Akamwona baba yake kitandani, machozi yakamtoka. Fundi aliusoma uso wake, akamfuta machozi kwa mkono wa shati.

"Nenda, mpenzi. Usigeuke nyuma."

Aligeuka. Fundi alikuwa dirishani, anawasha sigara nyingine.