Samaki wa Pili

“Mgeni hajala.”

Sauti ilisema mara moja ndani ya sikio lake la kushoto, kisha ikakatika.

Sindano hakugeuka. Alikuwa kwenye ngazi ya mia na arobaini kati ya ngazi mia mbili na sita, jua la saa nne asubuhi likimchoma shingo, kofia pana kichwani, kamera ya Canon kifuani. Maneno yale aliyajua. Mzigo bado uko kisiwani. Mnunuzi bado hajaupokea.

Na mtu ambaye Sindano alikuwa akimfukuza alikuwa hatua kumi mbele yake, akitembea polepole na kuchekesha watu.

Hilo ndilo lililomuudhi. Miaka tisa katika kazi hii alikuwa amefukuza watu kwa gari, kwa boti, kwa miguu juu ya mapaa ya bati. Hakuwahi kumfukuza mtu kwa mwendo wa likizo. Kila hatua ishirini msafara ulisimama kupiga picha.

“Taratibu, wapendwa!” mtu yule aliita. “Hekalu hili halimo kwenye ramani yoyote. Halimo kwenye simu zenu. Bila mimi msingelijua!”

Walimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Mwongoza watalii, shati la maua, meno meupe. Safari yake iliuzika sana: mahekalu madogo yasiyojulikana, vyakula visivyopikwa hotelini, maporomoko yasiyo na kibao. Watalii kumi na mmoja kila msafara.

Na kila alipopita, sanamu ilipotea.

Sita kwa miezi minne. Ya saba ilitoweka siku tatu zilizopita, katika hekalu hili hili. Mama wa Jiwe. Jiwe jeusi, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Safari hii polisi walimkamata mtu.

Walimkamata mfagiaji.

Mwanamke wa miaka sitini na minane, aliyefagia hekalu hilo kwa miaka thelathini na mmoja. Leo saa nane mchana angepandishwa feri na pingu mikononi, apelekwe gereza la ng'ambo.

Jambo moja ofisi haikulijua. Mfagiaji huyo alikuwa shangazi yake Sindano. Ndiye aliyemlea. Angelisema, wangemwondoa kwenye kazi hii. Kwa hiyo alinyamaza, akasaga meno.

Nyuma yake mtu alikuwa akihema kwa kelele. Bwana Kofia. Watalii wenzake walimpa jina hilo kwa sababu kofia yake nyeupe hakuivua hata mezani. Tangu alfajiri alikuwa analalamika. Kiti cha basi kigumu. Chai ina moto mno. Mhudumu alipomletea samaki, alimfukuza kama nzi.

“Nikila samaki navimba uso,” aliwatangazia wote, kana kwamba ni cheo. “Mayai! Nileteeni mayai!”

Walifika juu. Hekalu lilikuwa chumba kimoja cha mawe manene, sakafu ya mchanga mweupe, dirisha moja nyuma. Polisi walikuwa wamefunga kamba mlangoni. Ndani, kiti cha sanamu kilikuwa kitupu.

“Humu ndimo ilimokaa,” Kasuku alisema, akashusha sauti. “Kale kabibi kalipita nayo. Fikirini! Miaka thelathini kanaipangusa vumbi, kumbe kanaipima!”

Watalii wakacheka.

Vidole vya Sindano viliibana kamera mpaka plastiki ikalia. Akaiinua jichoni ili asimpige mtu. Akavuta lenzi.

Akaona mchanga.

Alipokuwa na miaka saba, alikaa kwenye mlango huo kila asubuhi akimtazama shangazi akifanya kazi. Shangazi alianzia kwenye kiti cha sanamu, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, asikanyage alipokwisha kufagia. Mfagio wake ulichora nusu duara ndogondogo kama magamba ya samaki, yote yakitazama mlango. Hakuwahi kufanya vingine, hata alipougua mgongo.

Magamba haya hayakutazama mlango. Yalitazama dirisha.

Aliyefagia mara ya mwisho alitoka kupitia dirisha hilo. Alifuta nyayo zake vizuri, asijue kwamba mfagio nao una nyayo.

Shangazi aliwaambia. Maelezo yake yalikuwa kwenye faili, Sindano aliyasoma kwa macho yake: Huo si ufagiaji wangu. Pembeni, kwa wino mwekundu, inspekta wa polisi aliandika: Mtuhumiwa anapayuka.

Hasira ilimpanda Sindano kama maziwa jikoni.

Alizunguka nyuma kama mtu anayetafuta picha nzuri. Chini ya dirisha kulikuwa na kijia. Kilishuka kwenye majani mpaka kwenye banda la mabati kando ya ngazi ya mia, jikoni kwa mpishi. Hapo ndipo msafara ungekula chakula cha mchana.

Aligusa saa yake ya Casio. Taa ndogo ikawaka.

“Mkuu. Mzigo ulitoka dirisha la nyuma. Njia inaelekea jikoni.”

“Umeuona?”

“Bado.”

“Mnunuzi?”

“Bado.”

“Basi usimguse mtu. Namtaka mnunuzi. Mbona sauti yako iko hivyo?”

“Vumbi.”

“Hasira weka mfukoni, Sindano.”

“Mfuko umejaa, Mkuu.”

Akakata.

Jikoni kulikuwa na meza mbili ndefu na mpishi mwenye taulo begani asiyetaka mchezo. Alileta chewa mkubwa aliyezikwa ndani ya chumvi, akaokwa mpaka chumvi ikawa ngumu kama saruji. Akashika nyundo ndogo ya chuma. Pa! Ganda likapasuka, mvuke ukatoka, watu wakapiga makofi.

Chakula kilikuwa kitamu. Hilo nalo lilimuudhi.

Bwana Kofia alikula mkate na mayai yake manne.

Saa saba na nusu, Kasuku alisimama. “Wapendwa, mgeni wetu mmoja hajisikii vizuri, namwahisha feri. Nyinyi malizeni. Dereva wa basi atawapeleka kwenye maporomoko.”

Sindano alitazama barabara iliyopita nyuma ya banda. Hilux nyeupe. Bwana Kofia alikuwa amekwisha kaa mbele. Kasuku alipakia boksi la barafu kwa mikono miwili, polepole, mgongo ukimpinda kwa uzito.

Gari likaondoka.

Sindano alimfuata mpishi kwenye sufuria zake. “Dada, lile boksi lina nini?”

“Samaki wa yule bwana wa kofia. Wa kubeba.”

Mtu anayevimba uso.

“Leo umeoka samaki wangapi?”

“Mmoja. Kwani nina mikono minne?”

“Na huyo wa kubeba?”

Mpishi akasonya mpaka paka akakimbia. “Huyo kaja naye Kasuku mwenyewe asubuhi, keshampaka chumvi. Nikamwambia, baba, hiyo chumvi umeipiga kama unasiliba ukuta, samaki hataiva. Akaniambia nisimguse. Mimi! Jikoni kwangu!”

Sindano akagusa saa. “Mkuu. Mgeni amekula. Ni Bwana Kofia. Wanakwenda kwenye feri.”

“Vizuri sana. Waache wavuke. Tuwafuate ng'ambo kwa wiki mbili tatu, tuupate mtandao wote.”

“Na mfagiaji?”

“Nani?”

“Mwanamke aliyefungwa kwa kosa lao.”

“Hiyo ni kazi ya polisi. Wiki tatu hazimuui.”

Sindano alichomoa kidude sikioni, akakitumbukiza kwenye sufuria ya mchuzi.

“We!” mpishi alifoka. “Mchuzi wangu!”

“Nisamehe, dada. Niazime hiyo nyundo. Na pikipiki ile pale.”

“Ya mume wangu hiyo!” Mpishi alimtazama usoni, akaacha kelele. Akatoa ufunguo kwenye mfuko wa aproni. “Ukiikwaruza usirudi nayo. Wala wewe mwenyewe usirudi.”

Saa saba na dakika arobaini.

Barabara ilizunguka mlima mzima. Ngazi zilishuka moja kwa moja mpaka gatini.

Sindano aliielekeza Yamaha kwenye ngazi.

Mia. Tisini. Meno yaligongana. Kofia ya kitalii ikapeperuka. Sabini. Wazee wawili waliokuwa wakipanda walijibanza ukutani, mmoja akamrushia tusi zuri la kizamani. Arobaini. Breki ikanuka. Kumi.

Lami.

Feri ilikuwa imewasha injini. Kwenye gati, juu ya kreti la soda, alikaa mwanamke mfupi mwenye kitambaa kichwani. Pingu mikononi. Mgongo wima. Inspekta alisimama kando yake akinywa soda.

Hatua sita mbele yao, Bwana Kofia na Kasuku walikuwa mezani kwa afisa wa forodha. Mbwa alinusa boksi, akatikisa mkia.

“Samaki,” afisa alisema. “Piteni.”

Sindano alisimamisha pikipiki kwa stendi yake, kwa adabu, bila kuikwaruza.

“Bwana Kofia!”

Mtu mnene akageuka.

“Umeacha chakula kizuri jikoni ukabeba hiki. Hebu kionje.”

“Wewe nani? Mimi sili…” Akajikatiza.

“Huli nini? Malizia. Leo asubuhi umetutangazia wote.”

Sindano alifungua boksi. Ndani ya barafu alilala samaki mweupe wa chumvi, kichwa halisi mbele, mkia halisi nyuma. Akainua nyundo.

“Usimguse Mama wa Jiwe usoni!”

Gati lote liligeuka. Shangazi alikuwa amesimama, pingu zikilia. Hakuwa ameona chochote zaidi ya umbo ndani ya boksi. Lilimtosha.

“Uso uko upande wa kichwa cha samaki! Piga miguuni! Taratibu!”

Sindano akapiga miguuni. Pa! Ganda likapasuka. Jiwe jeusi likang'aa juani.

Mkono wa Kasuku ulikwenda mgongoni, chini ya maua ya shati lake. Ukarudi na bastola.

Sindano alikuwa na chumvi mkononi. Akaitupa yote machoni mwake. Kasuku akapiga yowe. Nyundo ikatua juu ya kifundo cha mkono, bastola ikaruka, ikazama majini.

“Hii ni kwa kale kabibi,” Sindano alimwambia.

Kasuku akaanguka magotini akisugua macho, na afisa wa forodha akamshika.

Inspekta alikuja mbio, soda ikimmwagikia. Sindano alimwonyesha kitambulisho.

“Fungua pingu.”

“Afande, kuna utaratibu, lazima kwanza…”

“Aliwaambia huo si ufagiaji wake. Ukaandika anapayuka. Fungua.”

Akafungua. Pingu zilezile, zikiwa bado na joto, zikaingia kwenye mikono ya Bwana Kofia. Zilimbana. Akalalamika.

Shangazi alijisugua vifundo. Akamtazama Sindano kuanzia viatu hadi nywele.

“Wewe mtoto. Si uliniambia unafanya kazi posta?”

“Ndiyo, Shangazi.”

“Posta siku hizi wanagawa nyundo?”

Sindano akaificha nyundo mgongoni.

“Siku tatu nimelala kwenye simiti,” shangazi alisema, na sasa sauti ilitetemeka kwa hasira. “Siku tatu nawaambia nendeni mkatazame mchanga. Hakuna aliyetazama. Hakuna!” Akamgeukia inspekta. “Mbebe Mama. Wewe uliyenishusha, wewe utampandisha.”

“Bibi, ngazi ni mia mbili…”

“Na sita. Nazijua. Vua viatu.”

Saa kumi alasiri inspekta alifika juu akiwa amelowa jasho, sanamu kifuani kama mtoto mchanga. Sindano aliipokea, akaikalisha kwenye kiti chake.

Saa ya Casio iliwaka. Akaisogeza sikioni.

“Umevunja amri,” Mkuu alisema.

“Ndiyo.”

“Mnunuzi?”

“Ana pingu. Keshataja ghala zilimo zile sanamu sita. Anaomba mayai.”



“Kesho saa mbili, ofisini kwangu. Nitakufokea.”

“Nitakuja, Mkuu. Hata mimi nina ya kufoka.”

Shangazi alisimama mlangoni akitazama sakafu, mikono kiunoni. “Takataka gani hii mtu kafanya mchangani kwangu?” Akachukua mfagio wake kwenye kona, akaenda hadi kwenye kiti cha sanamu. Sindano akageuka kuondoka.

“Hapana! Rudi kama nilivyokufunza.”

Kwa hiyo jasusi akaondoka kinyumenyume, hatua kwa hatua, mikono mfukoni, na shangazi akarudi nyuma pamoja naye akiinama, akifagia kila walipokanyaga. Mlangoni, shangazi alimgusa shavu kwa mkono uliokuwa bado na alama ya pingu, akamalizia kazi yake.

Sindano alivaa miwani ya jua, akashuka ngazi bila kuharakisha, nyundo ya mpishi ikining'inia kiunoni.

Nyuma yake magamba yote yalitazama mlango, na mchangani hapakuwa na unyayo hata mmoja.