Neno Lililokatazwa Nyumbani

Kila asubuhi, binti mmoja mwokaji mikate alirudi kutoka kazini na unga kwenye nyusi, akaweka kiti cha baba yake katikati ya sebule. Ugonjwa wa mapafu ulikuwa umemlaza mzee kitandani hadi miguu ikalegea. Mzee alikuwa seremala. Alitaka jambo moja tu: kurudi kwenye karakana yake nyuma ya nyumba.

"Simama, kaa. Simama, kaa," binti aliamuru. "Haya, tena!"

"Mwanangu, niache nipumzike kidogo."

Binti alikunja uso. Neno hilo lilikatazwa nyumbani humo. Siku moja mama yake alisema, "Ngoja nipumzike," akajilaza, asiamke tena. Msibani kila mtu akasema, "Mama amepumzika." Tangu siku hiyo binti alilichukia.

"Hapa hapumziki mtu, baba. Tena!"

"Hata unga wako unauacha uumuke," mzee alitania huku akihema. "Mimi nimekuwa duni kuliko unga?"

Binti hakucheka. Mzee akasimama tena. Magoti yakatetemeka, macho yakaingia kiza, akaanguka puu! Mkono wa kulia ukavunjika.

Mkono ulipokwisha kufungwa plasta, mhudumu wa afya wa mtaa alikuja kuwatembelea.

"Zoezi ni sahihi," alimwambia binti. "Kosa ni kumnyima mapumziko. Msuli ukifanya kazi, unachoka. Ukiupa nafasi, nguvu hurudi, na moyo nao hutulia. Usipoupa, mtu huanguka."

"Sasa apumzike kwa muda gani?"

"Akishasimama na kukaa mara chache, atulie dakika moja au mbili. Msemeshe. Akijibu bila kuhema, aendelee. Bado anahema? Ngojeni. Akipata kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache kabisa, mje zahanati. Hata vijana wenye misuli yao hupumzika kati ya zoezi na zoezi."

"Nilidhani akipumzika, kama mama..."

"Kupumzika ni kupata pumzi, dada. Na pumzi ndiyo uhai."

Kuanzia hapo, baba alipotulia, binti naye alikaa kando yake wakapiga soga. Miguu ikakaza. Hatimaye mzee akatembea mwenyewe hadi karakana, na binti akapiga vigelegele.

Mzee alichukua randa, akaiweka juu ya ubao. Lakini mkono wake ulikuwa umeunga vibaya, umepinda. Randa ikamponyoka, ikaanguka chini.

"Miguu umenirudishia," alisema bila kumtazama binti yake. "Mkono je?"

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuwa amehamia na mizigo yake yote. Binti aliokota randa, akamsogezea baba yake kiti.

"Kaa, baba," alisema. "Pumzika."

Neno lilimtoka chungu kama shubiri. Mzee akakaa.