Birika Lisilo na Ukoko

Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Jui-han alishuka kuwalisha kamba akakuta wamekufa.

Si mmoja, si wawili. Wote. Kamba wadogo kama kucha, wekundu wenye mistari myeupe, wamelala ubavu kwenye mchanga mweusi wa tangi. Wenye mayai walikuwa bado wameyabeba.

"Baba! Baba, njoo!"

Baba yake, Kuo-feng, fundi wa lifti, alikuja na mswaki mdomoni. Miaka minne alikuwa anawazalisha kamba wale, anachagua wazuri, anawatenga wenye rangi mbaya. Alichukua kalamu ya kupimia, ile inayoonyesha maji yamebeba chumvi kiasi gani, akapanda ngazi mpaka paani, Jui-han nyuma yake.

Paani palikuwa na mashine ya kuchuja, pipa la bluu la maji safi, na ndoo nyekundu za makapi, yaani yale maji mazito ambayo mashine inayatema. Kila ndoo moja safi, inatema mbili. Ndoo nyekundu zilikuwa mali ya Bibi. Hakuna tone lililopotea: la choo, la deki, la mboga.

Kalamu kwenye pipa la bluu inatakiwa kusoma saba. Ilisoma mia mbili na thelathini.

"Jana jioni nimebadilisha nusu ya maji ya tangi," Baba alisema taratibu. "Sikupima. Pipa lilikuwa limejaa kama kawaida, sikuona haja."

Wakati huo Baba Mkubwa alikuwa ameshafika mlangoni, amevaa kizibao chake cha mwenyekiti wa mtaa. Yeye alikaa ghorofa ya pili ya nyumba ileile.

"Si nilisema? Mama anachanganya mambo. Amemwaga makapi kwenye pipa. Leo kamba, kesho ataacha gesi wazi tuungue wote."

Bibi alikuwa nyuma yake, anahema kwa ngazi. "Mimi nimwage makapi kwenye maji safi? Mimi?"

"Umesahau tu, Mama."

"Sijasahau hata siku uliyojikojolea darasani, Kuo-tung. Nilikuletea suruali ya kijani."

Baba Mkubwa hakucheka. Alitoa fomu mfukoni, tayari imeshajazwa. Kituo cha wazee kule milimani. Muhuri wake wa jina, ambao kwao ndio saini, ulikuwa umeshagongwa, bado wa mdogo wake. "Usiku saa moja na nusu njoo na muhuri wako. Jumamosi wanakuja kumchukua."

Jui-han alikuwa na miaka kumi na sita, na shuleni walimu walikuwa wanasahau kama yupo. Alimwangalia Baba, akingoja amseme kaka yake. Baba aliangalia viatu.

Hakwenda shule. Alianza na Bibi, jikoni, saa mbili kamili.

"Bibi, jana ulipanda paani saa ngapi?"

"Saa nane mchana, wageni wa Kuo-tung kutoka wilayani walipoondoka. Kuchukua makapi ya deki."

"Ukaona nini?"

Bibi aliendelea kukwangua birika la jikoni kwa siki. Ukoko mweupe wa chokaa ulikuwa unabanduka vipandevipande. Maji ya bomba ya mji ule wa Kaohsiung, wiki moja tu, birika linakuwa kama limepigwa lipu.

"Nilikuta ndoo nyekundu moja tupu," alisema mwishowe. "Mimi najua niliijaza Jumatatu, maana Jumanne na Jumatano mgao, bomba halitoi. Nikajiambia labda nimeitumia. Labda nimezeeka kweli." Aligeuka pembeni. "Usimwambie baba yako."

Ndipo Jui-han alipokasirika hasa. Mtu alikuwa ameua kamba, sawa. Lakini mtu huyohuyo alikuwa amemfanya Bibi ajiogope.

Saa nne alikwenda kwa Bwana Chiu, muuza samaki wa mapambo, aliyewauzia ile mashine. Baba alimshuku yeye kwanza.

"Chujio lako bovu," Jui-han alisema, sauti inatetemeka.

"Bovu?" Bwana Chiu alirusha taulo begani. "Maji yamerudi asubuhi hii, siyo? Umepima yanayotoka kwenye mashine yenyewe?"

"Saba. Baba kapima."

"Sasa! Chujio likichoka kipimo kinapanda polepole, miezi. Hakiruki kama chura. Na bomba jana lilikuwa kavu, kwa hiyo mashine haikufanya kazi kabisa. Mtoto, hayo maji kuna mtu kayamimina kwa mkono. Nenda kaulize nyumbani kwenu, usiniharibie jina mbele ya wateja."

Aliporudi alipita pale kona, kwenye mashine ya kuuza maji ya kunywa. Zamani watu walikuwa wanajaza madumu pale mchana kutwa. Sasa ilikuwa imefungwa mnyororo na karatasi imebandikwa: *Imefungwa tangu tarehe tatu mpaka mvua inyeshe. Maji yapo Shule ya Msingi, panga foleni. Mwenyekiti wa Mtaa, Tseng Kuo-tung.* Na muhuri mwekundu.

Siku hiyo ilikuwa tarehe ishirini na tano.

Saa moja na nusu usiku walikuwa wote ghorofa ya pili, kwenye meza ya chai ya Baba Mkubwa. Bibi aliwekwa pembeni, kwenye kiti cha plastiki. Baba alikuwa ameshachovya muhuri kwenye wino. Baba Mkubwa alimimina chai ya milimani kwenye vikombe vidogo, akanusa cha kwake, akafumba macho.

"Gonga, Kuo-feng. Chai isipoe."

Jui-han alinyoosha mkono akafunua birika la kuchemshia, lililokuwa juu ya jiko dogo pale mezani. Ndani lilikuwa linang'aa. Aliona uso wake mwenyewe humo.

"Baba, usigonge."

"Wewe mtoto, funika hilo."

"Baba Mkubwa, unachemshia maji gani?"

"Maji! Maji ni maji."

"La jikoni kwetu linajaa ukoko kila wiki, na ni nyumba moja, bomba moja. Lako halina hata doa."

"Mimi nanunua maji ya kuchujwa. Pale kona. Kuna ubaya?"

"Pale kona pamefungwa wiki tatu," Jui-han alisema. Sauti haikutetemeka tena. "Karatasi umebandika wewe. Muhuri wako."

Mkono wa Baba ulibaki hewani.

"Basi nakwenda shuleni kama watu wote."

"Nani kakuona kwenye foleni? Mtaa mzima unakujua. Tumuulize nani, Baba Mkubwa? Taja mmoja."

Birika lilianza kuimba.

"Ulikuwa unachota kwenye pipa la Baba, halafu unajazia ya bomba kidogokidogo ili lisionekane limepungua. Kamba walivumilia. Jana wageni wako wa ofisi ya wilaya walikuja saa sita, ukachota mengi. Bomba kavu. Ukachukua ndoo nyekundu ya Bibi, ukalijazia pipa."

"Mlitaka mwenyekiti apange foleni na dumu?" Baba Mkubwa alilipuka. "Mimi ndiye nawafokea watu wasipoteze maji! Nikae pale jua kali, wanicheke? Nilidhani makapi ni maji tu! Ningejuaje vile vidudu vitakufa?"

"Asubuhi ulishajua," Baba alisema. Alisimama, shingo imevimba. "Ulijua, ukamsukumia Mama. Mama yetu, kaka! Na fomu mfukoni!"

"Fomu nilikuwa nayo siku nyingi. Mama anazeeka, hilo ni kweli, nilikuwa nangoja tu..."

"Ulikuwa unangoja sababu."

Bibi aliinuka kwenye kiti cha plastiki. Alipanda ngazi mwenyewe, polepole, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alishuka na ndoo nyekundu nusu. Alimwaga maji safi ya birika lile sinkini, akajaza makapi, akawasha moto. Wakangoja. Yalipochemka akatia majani, akamimina, akakisogeza kikombe mbele ya mwanawe mkubwa.

"Maji ni maji," alisema. "Kunywa."

"Mama..."

"Na ukimaliza, kuna kingine."

Alikunywa. Vikombe saba, mpaka birika likaisha, na Bibi amesimama juu yake mikono kiunoni. Kisha Bibi akaichukua fomu, akafutia meza.

Asubuhi Jui-han alifunua birika la Baba Mkubwa. Chini kabisa, duara jembamba jeupe lilikuwa limeanza kushika.