Makofi Aliyoyaogopa Paulina

Kila siku ya shule, ikifika saa moja na nusu asubuhi, tulikuwa tumeshafagia uwanja, tumemwagilia miti na kuimba wimbo wa taifa mstarini. Kisha tuliingia Darasa la Sita, na hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Mimi, Devota, nilikuwa kiranja wa makofi.

Usicheke. Katika shule yetu, karibu na mashamba ya zabibu ya Makutupora, hicho kilikuwa cheo kikubwa. Mwanafunzi akipata jibu, Mwalimu Gaudence alisema, "Mpongezeni," nami nikapaza sauti, "Kilo tatu!" Wanafunzi hamsini na wanane tulipiga makofi matatu, tukakanyaga sakafu mara tatu, kisha tukamalizia kwa kugonga madawati. Bibi yangu hupiga ngoma ya muheme kwenye sherehe, na watu husema nimerithi mikono yake. Nilivimba kichwa kwelikweli.

Paulina alihamia kwetu Januari, mama yake alipopata kibarua cha kupogoa mizabibu. Alikuwa msichana mwembamba wa miaka kumi na miwili, asiyesema ila akiulizwa. Wiki ya kwanza aliitwa ubaoni kujumlisha sehemu, akapata. Mimi, kwa kumkaribisha mgeni, niliongoza makofi ya nguvu kuliko siku zote.

Paulina aliachia chaki ikaanguka. Alipiga kelele, akatupa madaftari ya watu wa mbele, akajificha chini ya meza ya mwalimu. Elisha, kijana mwenye nguvu kuliko wote darasani, alimvuta mkono ili amtoe, akaumwa kidole. Kisha Paulina alikimbia hadi nje ya geti, na mlinzi akampata mbali, amejikunyata korongoni anatetemeka.

Jambo hilo lilitokea mara nne kabla ya Machi. Mara ya tatu kioo cha dirisha kilivunjika. Kila mara baada ya hapo mimi niliongeza nguvu ya makofi, nikidhani anahitaji kutiwa moyo. Wenzangu walinong'ona kwamba ana mashetani. Wazazi walilalamika, na kamati ya shule ikatangaza kwamba Ijumaa itakuja kuamua kama Paulina abaki au arudishwe nyumbani moja kwa moja.

Jumatatu ya wiki hiyo Paulina hakuja. Mwalimu Gaudence alinituma nimpelekee daftari lake la hisabati. Njiani nililifungua, maana udaku nao ni ugonjwa. Tangu Februari alikuwa amekosa karibu kila swali.

Mama yake, Mama Hilda, nilimkuta akipepeta mtama uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mwenzio yuko ndani, anasoma."

Nilipoingia, Paulina alikuwa amekaa kwenye mkeka na daftari jingine, lililotengenezwa kwa karatasi zilizoshonwa kwa uzi. Nilichungulia. Maswali yalikuwa yaleyale ya darasani, lakini hapa yote yalikuwa sahihi.

"Paulina, kumbe unajua," nilisema. "Mbona shuleni unakosa?"

Alilifunga daftari lake. Kisha akasema, bila kunitazama, "Wengine wakipigiwa makofi naziba masikio. Nikikosa mimi, hakuna anayepiga."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilitamani kuificha mikono yangu mgongoni.

Mama Hilda aliingia, akaketi kando yangu. "Daktari wa afya ya akili ametuambia huu ni ulemavu wa hisia," alieleza. "Hofu na hasira humjia kwa ghafla, kama maji ya korongoni mvua ikinyesha mlimani. Hayamuulizi. Kishindo humzidi, na akishikwa kwa nguvu ndiyo huzidi kabisa. Si utundu, na si mashetani. Niliogopa kusema shuleni. Nilidhani wakisikia hivyo watamfukuza siku ileile."

"Mama, naomba nimwambie Mwalimu Gaudence."

Alimtazama binti yake. Paulina akatikisa kichwa kukubali, polepole.

Kesho yake asubuhi nilimweleza mwalimu kila kitu. Alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Devota, mimi ndiye ninayesema 'Mpongezeni'," alisema. "Kwa hiyo kosa hili tugawane." Siku hiyohiyo alimwita Mama Hilda, wakapanga pamoja. Paulina atakaa karibu na mlango. Akiona anaanza kuzidiwa, ataweka kizibo cha soda juu ya dawati, atoke bila kuomba ruhusa, akakae na Mama Anna, mpishi wetu, mpaka atulie. Akizidiwa, hakuna wa kumgusa wala kumzunguka. Na makofi yatakoma. Mtu akipata jibu, tutanyoosha mikono juu, viganja wazi, kimya.

Mwalimu alipotutangazia mpango huo, darasa lilicheka. "Sasa kiranja wa makofi atakuwa kiranja wa nini?" aliuliza Elisha, na ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa najiuliza hivyo. Nilikipenda cheo changu. Lakini niliwaeleza, kwa idhini ya Paulina, kuhusu daftari la nyumbani. Kicheko kikaisha. Elisha alikitazama kidole chake kilichoumwa, akasema, "Basi nami sikupaswa kumvuta."

Usidhani mambo yalinyooka mara moja. Jumatano bomba la moshi la lori la zabibu lilitoa kishindo nje ya dirisha, na Paulina alipinduka na dawati lake. Tulibaki tumekaa kwenye viti vyetu, ingawa miguu ilituwasha. Alitoka akilia. Baada ya nusu saa alirudi mwenyewe, akainua dawati, akaketi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kurudi bila kutafutwa.

Ijumaa wajumbe watano wa kamati waliingia darasani. Mwenyekiti wao, Mzee Matonya, alikuwa mkulima wa zabibu mwenye sauti nzito. Mama Hilda alisimama mlangoni, ameshika ncha ya kanga yake.

"Tumesikia mengi," alisema Mzee Matonya. "Leo tuone wenyewe. Shamba lina safu ishirini na nne. Kila safu ina miche thelathini na mitano. Robo ya miche yote imekauka. Imebaki mingapi?"

Mikono ilinyooshwa, lakini yeye alimteua Paulina. Nilimwona akikigusa kizibo chake. Nilidhani atakiweka juu ya dawati. Badala yake alisimama, akaenda ubaoni, akaandika. Alipofika kwenye mstari wa mwisho alisoma jibu; sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wote tuliisikia.

"Mia sita na thelathini."

Mzee Matonya alitabasamu. "Sahihi kabisa. Haya, mpigieni makofi."

Hakuna aliyepiga. Sote tuliinua mikono juu, viganja wazi.

"Nimesema makofi," alirudia, na tabasamu likapungua. "Hapa hakuna adabu? Nani kiranja?"

Nilisimama. "Ni mimi, mzee. Shikamoo. Tunakuheshimu, lakini hatutapiga. Kishindo kinamuumiza mwenzetu. Siku zote nilikuwa namuumiza nikidhani nampongeza. Hivi ndivyo tunavyompongeza sasa."

Mzee Matonya alitutazama sisi, akamtazama Paulina aliyekuwa bado amesimama ubaoni, ameshika chaki, hajakimbia. Kisha akainua mkono wake mkubwa, wenye makovu ya mkasi wa kupogolea. Wajumbe wenzake nao wakainua yao, mmoja baada ya mwingine. Mama Hilda alilia wazi, wala hakujificha.

"Mama, mwanao anabaki," alisema Mzee Matonya. Alitugeukia. "Wanangu, wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usioubeba wewe huuoni uzito wake. Mtoto mwenye mguu mbovu tunampunguzia ngazi. Mwenye hisia zinazomzidi tumpunguzie kishindo, tumpe nafasi ya kutulia, tumuulize yeye mwenyewe kinachomsaidia. Leo nimefundishwa na watoto, na sioni aibu kusema hivyo. Je, Paulina, una la kusema?"

Paulina aliinua chaki yake.

"Ndiyo, babu," alisema. "Naomba swali lingine. Hilo lilikuwa rahisi."