Mluzi Ndani ya Pampu ya Zoraida

Alhamisi asubuhi, kahawa ikiwa bado jikoni, Zoraida Tuanama aliona mapovu mahali ambapo mapovu hayana haki ya kuwapo. Yalitoka kwenye bomba linalorudisha maji katika tangi lake kubwa la kioo, madogo madogo, yakipishana kwa nafasi, kama ya mtu aliyelala chini ya maji na anapumua kwa adabu.

Hapa kwetu Iquitos, Peru, kando ya mto Nanay, nusu ya mtaa inakula kwa kuuza samaki wa mapambo, kwa hiyo mapovu hayamtishi mtu. Kilichomtisha ni samaki wenyewe. Jozi yake ya samaki bapa, wa mviringo kama sahani, dume na jike, walikuwa wamejibana pembeni wakilitazama lile bomba, na vifaranga wao wametawanyika ovyo. Vifaranga wa aina hiyo hula ute wa ubavuni mwa mama. Wakiukosa siku moja na nusu, basi tena. Na Zoraida alikuwa ameingoja jozi hiyo izae miaka mitatu.

Kisha pampu ikapiga mluzi. Mfupi mmoja, halafu mrefu wa kupanda juu.

Miguu ya Zoraida ikainuka kabla kichwa hakijakubali.

Maana marehemu mumewe, Hermógenes, kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa hakumwita mkewe kwa jina hata mara moja. Wenzake huitwa mpenzi, wengine mama fulani, yeye alipigiwa mluzi kama kuku wa jioni, naye alikwenda. Sisemi kwa ubaya, mtaa mzima ulisikia. Mwaka jana, mvua za Machi, Hermógenes alizama mtoni na chupa mkononi, na mtaa huohuo ukalia kwa kiasi.

Jirani yake Nelith, aliyekuja kuomba chumvi, aligandia mlangoni.

"Shoga," alinong'ona, "huyo ni tunchi. Maiti amerudi kukusanya nyayo zake."

"Ni hewa. Pampu imeingiza hewa."

"Hewa inajua mluzi wa mumeo?"

"Nelith, shika chumvi yako."

"Usimjibu tu. Anayemjibu tunchi haioni Jumapili."

"Wanaume walio hai siwajibu, nitajibu bomba?"

Akajifunga kanga ya kiuno na kuanza kazi. Akatazama pipa ambamo pampu huvuta maji, maji yalikuwa juu, hayakuacha bomba wazi. Akafungua mfuniko wa pampu, akatoa jani lililooza, akafuta raba yake na kuipaka grisi, akajaza maji hadi pomoni, akafunga. Sauti ya kusaga mchanga iliyokuwa ikitoka kwenye pampu ikatulia. Mluzi haukutulia. Akapitisha kiganja kwenye kila kiungio, kimoja kimoja, na vyote vilikuwa vikavu, naye akaridhika, kosa letu sisi sote wa mtaa huu, kwamba penye tundu tunatafuta tone.

Mwisho akachomoa waya wa umeme. Pampu ikafa, maji yakasimama, mvua ikaanza kugonga bati, na katikati ya mvua ile, kutoka ndani ya pampu isiyozunguka, kwenye bomba lisilopitisha kitu, mluzi ukaja tena, mfupi kisha mrefu, polepole zaidi sasa, kwa uvumilivu wa mtu anayejua kwamba aliyezoea kuja atakuja tu.

Nelith alikimbia kumleta mganga. Doña Teolinda Murayari akashuka kwenye bajaji amenuna.

"Mmenitoa kwenye ndizi zangu za kuponda. Yuko wapi?"

"Kwenye bomba, mama," Nelith akasema.

"Mume wangu hata bomba hakuliweza, alifia bafuni."

Akawasha mapacho, ile tumbaku yetu kali, akapuliza moshi taratibu kufuata bomba. Moshi ukaelea kivivu, ukapita kiungio cha kwanza, cha pili, mpaka kile cha karibu na pipa, kilichozungushiwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Hapo ukajinyoosha ukawa uzi, ukaingia ndani. Pampu imezimwa, nanyi mjue. Ukaingia, ukakaa kidogo, kisha ukatoka ukiwa wa moto na unanuka pombe ya miwa.

"Nani alifunga hapa?" Teolinda aliuliza kwa sauti ya chini.

"Yeye. Nilimwambia anunue raba ya kiungio, akasema tyubu inatosha."

"Upande wa kuvuta haudondoshi maji, binti yangu. Unakunywa hewa, pamoja na chochote kilichomo hewani. Nitamwimbia siku tatu, atatoka."

"Vifaranga hawana siku tatu, mama."

Zoraida akachukua kisu, akaukata ule utepe na kukifungua kiungio. Mluzi ukatoka wazi, mkali hata vioo vikatetemeka, na magoti yake yakaanza kusogea yenyewe kama zamani.

"Usijibu," Teolinda alinong'ona. "Mwanangu, usijibu."

Zoraida akainama mpaka mdomo ukakaribia bomba.

"Nina jina, Hermógenes. Ukinitaka, litaje."

Mluzi ukakatika. Mvua peke yake ikasikika. Halafu mbali sana ndani, kama chini kabisa ya mto, kitu kikameza maji mara mbili, na kwa mdomo usiozoea kazi hiyo kikasema:

"Zo... rai... da."

Nelith alikalia ndoo bila kukusudia. Mapacho ikamdondoka Teolinda.

"Umechelewa," Zoraida akasema. Akaweka raba nzima aliyoitoa kwenye pampu nyingine mbovu, akaikaza nati kwa mikono miwili mpaka mishipa ikamsimama.

Akajaza maji, akawasha. Pampu ikakohoa mapovu matatu, ikanyamaza, na maji yakashuka laini kama mafuta. Ilipofika alasiri jike aligeuza ubavu, na vifaranga wakamjia mmoja mmoja, wakamganda kama punje za pilipili manga.

"Ameondoka?" Nelith aliuliza.

Teolinda alitega sikio kwenye bomba, akalitega muda mrefu.

"Yumo. Ila hana tena pa kupumulia."

Zoraida alikuwa ameshakaa, mgongo kwa pampu, anamenya ndizi.

"Akae," akasema. "Azungushe maji. Ndiyo kazi yake ya kwanza humu ndani."