Mchanga wa Jukwaa la Mashariki

"...na kwa mujibu wa ripoti ya mhandisi aliyepewa kazi na klabu, jukwaa la mashariki halifai kukarabatiwa. Kwa hiyo, kwa kuwa hatuna fedha za kujenga jingine, kamati inapendekeza klabu yetu ihame uwanja huu."

Sauti alifika hapo akanyamaza. Chini ya karatasi kulikuwa na jina la mhandisi, hakulisoma. La nini? Mhandisi mwenyewe alikuwa mchumba wake.

Watu walimwita Sauti kwa sababu ndiyo iliyowafikia kila siku ya mechi. Aliketi katika kichumba cha matangazo upande wa magharibi, akitaja wachezaji na kuwaomba wenye magari wayaondoe getini. Klabu ilikuwa na desturi yake: uamuzi mkubwa wa kamati husomwa kwanza kwenye spika za uwanja, kabla ya gazeti wala redio, na msomaji hupewa karatasi papo hapo ili lisivuje neno. Kwa hiyo Sauti aliisikia habari ile pamoja na watu wengine wote, kwa kinywa chake mwenyewe.

Hasira ikampanda. Akazima kipaza sauti, akachukua simu, akampigia mchumba wake, Injinia. Tatizo ni kwamba alichozima ni muziki.

"Wewe," alisema, na uwanja mzima ukamsikia. "Si uliniambia jukwaa linatengenezeka? Nikamwambia baba, baba akautangazia mtaa mzima. Leo nakusoma kwenye karatasi kama mpita njia?"

Mashabiki waliinua vichwa kuzitazama spika. Refa, aliyekuwa anataka kuanzisha mpira, akakiondoa kipenga mdomoni.

"Usiniambie utanieleza baadaye. Nieleze sasa. Huwezi? Basi waambie watu wenu wasije kuzungumza mambo ya ndoa. Siwezi kuolewa na mtu ambaye habari zake nazipata kwenye spika."

Hapo vifijo vikalipuka, na mashabiki wa timu ngeni wakawa wa kwanza kusimama. Sauti akatazama nje kupitia dirisha, akaona nyuso zote zimegeukia kwake, akaelewa. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini orodha ya wachezaji wa akiba ilikuwa bado haijasomwa, akajikaza kisabuni, akaisoma mpaka jina la mwisho.

Wiki ile hakuwa na pa kupita. Sokoni akina mama walimpa pole kana kwamba kafiwa. Kinyozi wa jirani na kwao alitangaza kwamba mwanamume wa aina hiyo hanyolewi kwenye kiti chake. Wengine walisema Injinia amenunuliwa na watu wanaoutaka uwanja wajenge maduka. Ripoti yake ilisema tu jukwaa halifai, haikusema kwa nini, na palipokosekana sababu watu waliweka za kwao.

Aliyeumia zaidi ni baba yake Sauti. Mtaani walimwita Mzee Zege, na hilo halikuwa jina la utani tu, lilikuwa heshima. Enzi za ujana wake klabu haikuwa na uwezo wa kumwajiri mjenzi, wanachama wakaamua kujijengea jukwaa wenyewe, siku za mapumziko, bila kulipwa. Yeye ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Wanaume walichanganya zege, wanawake walibeba mchanga kwa ndoo kichwani, na mpaka leo hakuna mtu mzima mtaani asiyedai kuwa ndoo ya mama yake imo ndani ya jukwaa lile.

"Kijana ameingia nyumbani kwangu, amekula mezani kwangu," Mzee Zege alisema, "halafu anasema kazi yangu haifai. Na wewe ulikuwa unataka kumwita mume."

"Bado sijamwita chochote, baba."

"Vizuri. Ubaki hivyo hivyo."

Sauti alikuwa na hasira na Injinia, lakini hasira yake haikufanana na ya baba yake. Alimjua mtu wake. Injinia alikuwa mtu wa kurudi dukani kusema umenizidishia chenji. Mtu wa namna hiyo hanunuliki kirahisi, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Simu zake hakuzipokea. Ujumbe aliusoma, ila hakujibu.

"Naomba tuonane. Si kwa simu."

"Najua nimekosea. Lakini sikukosea kama unavyodhani."

Siku ya tatu ukaja mwingine: "Nipo uwanjani, chini ya jukwaa. Njoo uone mwenyewe. Ukishaona, ukitaka kuniacha niache."

Akaenda mchana wa jua kali, kajifunga kitambaa kichwani asijulikane, na kila aliyekutana naye akamsalimia kwa jina. Injinia alikuwa chini ya ngazi, mahali pa giza walipohifadhi nyavu za goli. Alikuwa amekonda. Sauti alimwonea huruma kidogo, akaificha.

"Haya, nimekuja. Sema."

Injinia aliwasha tochi ya simu, akamwonyesha nguzo aliyokuwa ameichimba. Ndani ya zege nondo zilikuwa zimeliwa na kutu, mahali pengine zimebaki nyembamba kama njiti. Akamwonyesha nguzo ya pili, ikawa hivyo hivyo, na ya tatu.

"Nilipokwambia linatengenezeka, nilikuwa nimeona paa na nyufa za juu," alisema. "Nilikuwa sijachimba. Baadaye nikapeleka vipande maabara. Wakaniambia zege limejaa chumvi."

"Chumvi imetoka wapi?"

"Kwenye mchanga. Mchanga ulitoka ufukweni, na haukuoshwa. Chumvi yake imekuwa ikila nondo miaka yote hii. Unaweza kupaka rangi, unaweza kubadilisha paa, lakini ndani ugonjwa unaendelea. Leo linabeba, ndiyo maana tumefunga safu za juu tu. Msimu ujao sijui."

Sauti akakaa juu ya furushi la nyavu. Alikuwa amekua akiisikia hadithi ile: malori ya mchanga wa mto yalipokwama kwa mvua, baba yake akasema ufukwe si ule pale, tunangoja nini. Mtaa mzima ukashuka na ndoo. Watu walikuwa bado wanaisimulia kwa fahari.

"Ndiyo maana hukuandika sababu," alisema.

"Nilimwomba mwenyekiti aniruhusu nisiiandike. Nilisema wanachama wanataka jibu, maelezo ya nini."

"Kwa ajili ya baba."

"Kwa ajili yake. Na kwa ajili yako. Ningemwangaliaje usoni? Hakuiba, hakudanganya mtu, hakujua tu. Nikaona heri wanitukane mimi."

Maneno yale yalimgusa Sauti, hatuwezi kuficha. Mwanamume amekubali mji mzima umwite msaliti ili mkwe asiaibike. Wapo ambao wangemrukia shingoni pale pale. Sauti alifuta machozi kwa ncha ya kitambaa, kisha akasimama.

"Umemlinda baba, nakushukuru. Lakini mimi ulinifanya nini? Ulikuwa unakuja nyumbani, unakunywa chai, unacheka, na hili umelibeba kifuani. Ulifikiri nitavunjika?"

"Nilifikiri nitakuweka katikati."

"Nilikuwa tayari katikati, ila nilikuwa gizani. Na Jumapili wanachama wanakaa kuamua. Wakikaa upande wa kubaki kwa sababu wanakuona wewe msaliti, halafu msimu ujao jukwaa likaanguka na watoto wa watu, hiyo heshima ya baba itakuwa wapi?"

Injinia akakiri kwamba kila akifikia hapo, akili yake hugoma.

Kukaa ndiko kulikokuwa kupiga kura. Klabu ile haikuwa na karatasi za kura wala kunyoosha mikono. Wanaotaka jambo wanakaa jukwaa moja, wasiotaka wanakaa la pili, na mwenyekiti anasimama katikati ya uwanja kuangalia upande uliojaa. Safari hii wa kubaki wangekaa mashariki, wa kuhama magharibi. Kila mtu angeonekana na jirani yake, na hakuna aliyetaka kuonekana anaikimbia ndoo ya mama yake.

Jioni ile Sauti alimkuta baba yake anapiga pasi jezi ya klabu aliyokusudia kuvaa Jumapili. Akamwambia yote, bila kuzungusha. Kutu, chumvi, mchanga. Mzee Zege aliendelea kupiga pasi mkono ule ule wa jezi mpaka ukaanza kutoa harufu ya kuungua.

"Huyo kijana amekulisha maneno," alisema mwishowe.

"Nimeona kwa macho yangu, baba. Twende nikuonyeshe."

"Nikaone nini? Ile kazi naijua kuliko ninavyokijua kitanda changu." Akachomoa pasi. "Ukilisema hilo mbele ya watu, usiseme wewe ni mtoto wangu."

Hapo ndipo Sauti alipojua Injinia alikuwa anaogopa nini. Alilia chumbani kwake, akalala na nguo za mchana.

Jumapili mashariki kulijaa mpaka watu wakabanana. Mzee Zege alikaa mbele, jezi yake ina alama ya pasi mkononi, na waliopita walimpa mkono. Magharibi walikuwa wachache, wamekaa mbalimbali kama watu wasiojuana. Injinia hakuwa mwanachama, alisimama peke yake kwenye nyasi karibu na kona, na baadhi walimzomea.

Kazi ya Sauti ilikuwa kusoma hoja na kuwataka watu wakae. Aliisoma. Mwenyekiti akainua mkono kumwashiria kwamba inatosha. Sauti akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili, na safari hii alijua kiko wazi.

"Kuna neno halikuandikwa kwenye ripoti," alisema. "Mhandisi hakununuliwa na mtu. Nondo za jukwaa la mashariki zimeliwa na chumvi. Chumvi ilikuja na mchanga wa ufukweni. Mama zetu waliubeba kwa ndoo, kwa moyo mmoja, na aliyewaambia wauchote alikuwa anataka klabu yake iwe na jukwaa kabla ya msimu. Hakuna aliyejua. Mhandisi alilinyamazia ili mtu mmoja asiaibike. Mtu huyo ni baba yangu, na mimi ni mtoto wake, hata akinikana leo. Nimeziona nguzo. Nawaombeni mshuke."

Vichwa vyote mashariki vikamgeukia Mzee Zege. Yeye aliangalia mbele, mikono juu ya magoti.

Bibi mmoja muuza maji, ambaye naye alibeba ndoo enzi hizo, akasimama. Akakung'uta nguo yake, akashuka taratibu, akavuka uwanja kwenda magharibi. Akafuata kinyozi. Kisha watu wakaanza kushuka kwa makundi, bila kelele, wengine wakigusa ukuta walipopita. Haikuchukua muda, mashariki akabaki mtu mmoja.

Sauti alitoka mbio kwenye kichumba chake. Alipofika katikati ya uwanja, Injinia alikuwa ameshapanda, amesimama mbele ya mzee. Wanachama mia kadhaa walikuwa wanawatazama kutoka upande wa pili. Sauti akasimama chini ya ngazi, akihema.

"Ungeniambia mimi mwenyewe," Mzee Zege alikuwa anasema. "Mwanamume kwa mwanamume."

"Nilikuogopa, mzee."

"Uliogopa nitakupiga?"

"Niliogopa utaninyima."

Macho ya mzee yalikuwa mekundu, na hakujisumbua kuyafuta. Kisha alimwangalia binti yake pale chini.

"Na wewe? Bado hujamwita chochote?"

"Inategemea," Sauti alisema, akimwangalia Injinia. "Kuna mtu lazima aniahidi kwamba kitu kikioza, mimi ndiye nitakayejua wa kwanza. Hata kikiwa cha kwetu. Hata kikiwa cha kwake."

"Nakuahidi," Injinia alisema. "Hapa hapa, mbele ya mzee."

"Basi namwita."

Mzee Zege alijaribu kuinuka, goti likamkatalia. Injinia akampa mkono. Mzee aliutazama ule mkono, akatazama na ngazi alizozimwaga kwa mikono yake akiwa kijana, hatua kwa hatua mpaka chini aliposimama mwanawe.

"Wazee wenu waambie waje," alisema. "Ila kwanza nishike vizuri. Ngazi hizi siziamini tena."